Kipara Ameota Nywele

Hosteli ya wanafunzi wa uuguzi
14 Januari

Babu, mume wangu wa utani,

Shikamoo. Salamu hizi zikukute umekaa, maana najua hukai. Mimi mzima wa mwili. Chumbani tuko watatu. Mmoja anakoroma, mwingine anaimba usingizini, na mimi ndiye msikilizaji. Wiki hii wamenihamishia wodi ya watoto. Kazi yangu kubwa ni kushika miguu ya wanaochomwa sindano, na nimeshapigwa mateke mengi kuliko mpira.

Barua yako ya mazishi ilifika. Niliisoma kitandani, kisha nikahamia bafuni kuisoma tena kwa sababu wenzangu walikuwa wameanza kunipa leso. Asante sana, Babu. Umeniandikia kila kitu, nani alisimama wapi, nani alikosea wimbo, na jinsi jirani yako Seremala alivyolia kuliko sisi wenyewe wafiwa. Na pale uliposema ulitia kaburini konzi mbili za udongo, moja yako na moja yangu, nilishukuru mpaka nikakosa pa kuiweka shukrani yenyewe.

Lakini asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo. Nilijua Bibi anaumwa. Nikasema nimalize kwanza mtihani, ndipo nipande basi, na yeye hakungoja. Hujanilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa ombi. Nitumie Kipara. Najua ni jiwe tu, jiwe la mtoni lenye ukubwa wa yai la bata, na najua amekaa kwenye kibao chini ya kioo chako cha kunyolea tangu sijaota meno. Lakini ile sura aliipaka Bibi kwa mkono wake: macho makubwa, nyusi moja imepanda kama mtu aliyeambiwa uongo, na kile kicheko cha pembeni. Mawe mengine aliyoyapaka akayauza yametawanyika na vijiboksi vyao na maranda yao ya kulalia, sijui yako kwa nani. Bado nakumbuka maagizo aliyokuwa akimpa kila mnunuzi: "Huyu hali, hanywi, habweki. Ila usimwache peke yake mpaka akasahau sauti yako." Watu wazima walikuwa wakicheka, halafu wanarudi kununua wa pili ili wa kwanza apate mwenzake.

Gauni alilonishonea litachakaa. Mimi nataka kitu kimoja alichokipa uso. Yupo dereva wa lori, mume wa mpishi wetu hapa, ambaye hupita huko kwenu kila mwezi. Nimeshamwelekeza dukani.

Kula vizuri. Chai si chakula.

Mke wako mdogo,
Kisogo


Dukani
9 Februari

Kisogo wangu,

Marahaba, tena nimeipokea kwa mikono miwili. Mimi sijambo. Goti la kushoto bado linatabiri mvua na bado linakosea. Nyumba imekuwa kubwa ghafla na wala sijaongeza chumba. Juzi nilipika, moshi ukamtoa Seremala kwenye karakana yake mbio, ndoo ya maji mkononi. Tangu siku hiyo mkewe ananiletea sahani kila mchana. Naila, naiosha, nairudisha, nasema asante. Yeye anasema, "Asante ya nini tena, mzee?" Ya chakula, mama! Ya nini nyingine? Lakini nadhani anajua kwamba si ya chakula peke yake.

Nywele zangu zimefika masikioni. Kinyozi hajinyoi, na aliyekuwa akininyoa tumeshamzika. Seremala alijitolea na mkasi wake, nikamwambia mimi si ubao.

Wateja nao wamekuwa wapole mno. Zamani waliingia na kelele zao, mpira, siasa, fulani kaoa fulani kaachwa. Siku hizi wanaingia kama wanaokwenda kumtazama mgonjwa, wananyolewa, wanaondoka. Wanaonisaidia ni watoto, maana mtoto hana adabu za msiba. Akianza tu kupiga yowe namwekea Kipara mikononi, nasema maneno yale yale ya bibi yako: "Mshike huyu, anaogopa mashine. Ukilia na yeye atalia." Mtoto anamkumbatia jiwe, anamnong'oneza, na mimi namaliza kisogo. Kabla bibi yako hajabuni hilo nilikuwa nawabembeleza kwa peremende, naishia kunyoa vichwa vinavyonata.

Kuhusu ombi lako, nimekubali. Kipara ni wako. Ila niachie kwanza wiki chache, walimu wanakagua nywele shuleni na foleni ya vichwa vidogo imefika mlangoni pa Seremala. Dereva wako alikuja, mtu mzuri, kichwa chake kimejaa mabonde. Nimemnyoa na nimemwambia arudi mwezi ujao.

Wala usiwe na wasiwasi na usafi. Bwana afya alipita kwa sababu ya mapunye, akaamuru kila kitu kinachoguswa na wateja kipanguswe kwa spiriti. Mimi na amri hatuchezi. Kila jioni nikimaliza mashine, mikasi na vitana, nampangusa na Kipara, naye anang'aa. Rangi usiniulize. Si ulikuwa ukinisikia nikiwauzia watu yale mengine? "Mtazameni Kipara! Anashikwa na watoto wa mji mzima na macho ni yale yale. Rangi ya mke wangu haitoki!" Nimewaambia hivyo tangu hujajua kutembea na sijaaibika hata siku moja.

Soma, mke wangu. Na ukipigwa teke, sogea.

Mumeo,
Kinyozi


Hosteli
27 Februari

Babu mpenzi,

Shikamoo. Umenichekesha na mabonde ya Dereva. Alirudi hapa kichwa kinang'aa, mkewe akamwuliza amemwibia nani sura.

Asante, Babu, asante sana. Nilipofika pale uliposema "nimekubali" nilisimama peke yangu chumbani kama mwendawazimu. Nimemtengea Kipara mahali dirishani. Hawa wenzangu wa chumba nimeshawaeleza. Yule anayekoroma ameuliza kama anauma.

Wodini kuna binti mdogo wa kitanda cha dirishani ambaye hataki kabisa kuwekewa dripu. Jana nilimsimulia habari za Kipara ili aache kunitazama kama adui. Akaniuliza, "Nyusi iliyopanda ni ya upande gani?" Nikafungua mdomo, Babu, na sikukumbuka. Ya kushoto? Ya kulia? Nimekua nikimtazama siku zote na sikukumbuka. Niliogopa sana. Nilihisi kwamba nikisahau hilo, baada yake nitasahau vidole vya Bibi, halafu sauti. Tafadhali mtazame uniandikie, ni ya kushoto au ya kulia.

Mtihani? Matokeo yametoka. Hali ya hewa huku ni nzuri.

Msalimie Seremala na mkewe. Mwambie mkewe kwamba na mimi nasema asante, na kwamba si ya chakula.

Kisogo


Dukani
2 Aprili

Kisogo,

Marahaba. Utanisamehe kwa kuchelewa. Kwanza kalamu iliisha wino. Halafu bahasha ikalowa. Halafu goti, nililolisema vibaya, likapatia mvua kwa mara ya kwanza, na paa la duka likaanza kuvuja juu ya kiti cha wateja. Sasa nanyoa nikiwa nimesogeza kiti karibu na mlango, na wapita njia wote wananipa ushauri.

Seremala amepata kazi ya kutengeneza madawati, anapiga misumari toka asubuhi. Mke wa Seremala hajambo, nilimfikishia asante yako, akajifuta macho kwa ncha ya kanga yake halafu akaniongezea sahani. Kwa hiyo andika asante nyingine, zina faida.

Umeniuliza habari ya nyusi.

Ngoja, Seremala ananiita.

Nimerudi. Kama nilivyokuwa nikisema, mvua ni nyingi. Kile kioo changu kikubwa nacho kimeingia unyevu kwenye kona, kila mteja anajiona ana ukungu upande mmoja. Nimewaambia ndiyo mtindo.

Dereva alipita. Kipara hakuweza kusafiri, alikuwa na mafua. Akapita tena baada ya wiki moja akirudi huko kwenu, nikamwambia ametoka.

"Jiwe limetoka?" akaniuliza.

"Limetoka."

"Limekwenda wapi, mzee?"

"Sikumwuliza. Ni mtu mzima."

Akaondoka bila hata kunyolewa.

Kipara yupo, usihofu. Anapumzika. Huko kwenu umesema hali ya hewa ni nzuri. Na huku ni nzuri, mbali na mvua.

Mumeo,
Kinyozi


Hosteli
19 Aprili

Babu,

Shikamoo. Mimi mzima.

Dereva amenieleza kwamba alipokuuliza ulisimama mbele ya kibao ukaficha kitu kwa mgongo. Njia ya mwongo ni fupi, Babu, na wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo siku nilipokata nywele za mwanasesere nikasema zimeanguka zenyewe.

Kama unataka Kipara abaki kwako, sema. Umeishi na Bibi maisha mazima, una haki naye kuliko mimi na sitanuna. Ninachoshindwa ni kungoja. Kila lori likipiga honi nakwenda dirishani.

Na mimi nimekuficha. Mtihani nilishindwa. Ule ule niliouchagua badala ya kuja kumwona. Sikuweza kufikiri chochote mle ndani, nilikuwa nahesabu vituo vya basi. Wamenipa nafasi ya kuurudia mwisho wa Mei, lakini mkoba wangu uko chini ya kitanda, umeshafungwa, na kila asubuhi nasema ni leo. Sikutaka kitu cha kuchezea. Nilitaka sura moja tu hapa inayonijua.

Kisogo


Dukani
5 Mei

Kisogo wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa mfukoni mwa koti langu la kazi, naitoa, naisoma, naikunja. Wateja wanadhani ni ya bwana afya.

Nianze na mtihani. Mteja wa kwanza niliyemnyoa maishani nilimkata sikio. La pili lilinusurika kwa sababu aliruka kutoka kitini. Aliyemfunga sikio lile ni binti aliyekuwa akishona upande wa pili wa barabara, na akaniambia, "Kesho fungua tena duka, maana mtu mwenye masikio mawili mazima hatakuja leo." Nikafungua, na baadaye nikamwoa. Kwa hiyo fungua huo mkoba, utoe nguo, urudi kusoma. Ukishindwa tena utakuja nyumbani nikupokee kwa ngoma. Lakini usishindwe kwa sababu ya kuhesabu vituo vya basi. Bibi yako alijua uko wapi. Alikuwa akimwambia kila anayekuja kumwona, "Mwenzenu anasoma," kwa majivuno, hata waliokwisha kusikia.

Sasa kaa kitandani. Boksi atakalokupa Dereva usilifungue umesimama.

Ni spiriti, mjukuu wangu. Kwanza kicheko kilipungua, nikadhani ni macho yangu. Kisha jicho moja likawa na ukungu, nikalaumu kitambaa, nikabadilisha kitambaa, nikaongeza spiriti. Wakati ule ule nilikuwa nikiwaambia watu kwamba rangi ya mke wangu haitoki, na mkono wangu unaitoa. Barua yako ya nyusi ilipofika nilikimbilia kibaoni na miwani, na hapakuwa na nyusi. Ya kushoto haikuwepo, ya kulia haikuwepo. Nimemaliza sura ya mke wangu kwa usafi.

Ndiyo maana Kipara alipata mafua.

Nilijaribu kuirudisha. Seremala alinipa rangi nyeusi ya milango na kijiti. Jaribio la kwanza Kipara alifanana na mtu aliyekalia mwiba. La pili alifanana na bwana afya. Nilifuta yote mawili nikakaa chini nikalia, na sioni haya kukuambia. Mimi sijui uso. Maisha yangu yote nimewatazama watu kwa nyuma. Ninachokijua ni nywele, basi nikafanya ninachokijua. Utaona. Nimempitishia njia upande wa kushoto na kumpunguza kidogo juu ya masikio, ingawa masikio hana. Na nilipomaliza nikajiuliza ilikuwaje kinyozi mzima akamkalisha kipara dukani kwake miaka yote hiyo na asione aibu.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Nisamehe, au chelewa kunisamehe, lakini niandikie.

Mumeo,
Kinyozi


Hosteli
8 Juni

Babu, Babu, Babu,

Shikamoo, halafu shikamoo nyingine.

Nililifungua nimekaa, kama ulivyoagiza. Nikatoa maranda. Nikamtoa yeye. Hana jicho, hana mdomo, hana kitu, ila ana nywele zilizochanwa kama za bwana harusi! Nilicheka, Babu. Nilicheka mpaka anayekoroma akaamka na anayeimba akanyamaza, na wote watatu tukakaa kwenye kitanda kimoja tukimpokezana. Sijacheka hivyo tangu Bibi aondoke. Nilikuwa nimeanza kudhani nimesahau namna yake.

Kisha nililia, lakini si kwa hasira. Sasa nikuambie siri niliyoapishwa kuitunza nikiwa bado nashika sketi ya mtu ili nisianguke.

Rangi ya Bibi ilikuwa inatoka.

Inatoka, Babu! Machozi ya watoto, jasho, sabuni, vidole vyenye peremende, nani angevumilia? Kila baada ya muda Kipara alikuwa anapofuka. Jumapili ukienda mpirani na Seremala, Bibi alimtoa dukani ndani ya mfuko wa aproni, akamwosha, akampaka upya, mimi nikishika mkebe wa rangi. Akimaliza ananiambia, "Babu yako asijue. Ameshawaapia watu kwamba rangi yangu haitoki. Nitamwaibishaje mume wangu?" Jumatatu asubuhi wewe unamwinua mbele ya wateja, unawaambia macho ni yale yale, na Bibi anainamia cherehani yake asikutazame.

Kwa hiyo ile uliyoifuta ilikuwa sura moja tu kati ya nyingi. Na ile nyusi? Nimekumbuka kwa nini sikukumbuka. Haikuwa na upande! Akiwa amenuna ilipanda ya kushoto, akiwa na furaha ilipanda ya kulia, na mara moja alipopiga chafya zilipanda zote mbili ukasema Kipara ameshtuka kwa sababu ya bei ya mafuta. Mimi nilikuwa nalilia sura moja, na yeye hakuwahi kumpa sura moja.

Kwa hiyo hakuna cha kusamehe. Kuna cha kushukuru tu. Asante kwa kumpangusa kila jioni. Uliposema unampangusa na mashine na vitana, maana yake kila jioni kuna mkono uliokuwa ukimshika, na hilo ndilo aliloagiza Bibi. Asante kwa sikio la yule mteja, bila hilo nisingezaliwa. Asante kwa nywele. Nilimtia kwenye mfuko wa sare nikaingia naye kwenye mtihani, na kila nilipotaka kuhesabu vituo vya basi nilipapasa ile njia uliyompitishia upande wa kushoto. Rangi ya milango ni nene, inasikika kwa kidole.

Nimefaulu, Babu. Mkoba umerudi juu ya kabati, mtupu.

Na yule binti wa kitanda cha dirishani nilimpa Kipara amshike wakati wa dripu. Akamgeuza akaniuliza, "Mbona hana macho?" Nikamwambia amefumba, anaogopa sindano. Akamfunika na kiganja akamwambia, "Usiangalie, nitakuambia ikiisha." Muuguzi mkuu wa wodi alimaliza kazi yake bila teke hata moja. Aliniuliza tumelitoa wapi jiwe lile na kama yako mengine.

Nataka nimpake sura. Hapa nyuma ya hospitali kuna mto na mawe yake ni mazuri, nitapaka na mengine ya wodi. Lakini brashi za dukani ni ngumu, zinachora mistari. Ile ndogo ya Bibi iko wapi, yenye mpini mwekundu na nywele nyeusi laini? Kama hujaipangusa kwa spiriti, nipe.

Mke wako mdogo aliyefaulu,
Kisogo


Dukani
2 Julai

Mke wangu msomi,

Marahaba zote nilizonazo. Barua yako nimewasomea Seremala na mkewe kwa sauti. Tulipofika pale pa kufaulu, mke wa Seremala alipiga vigelegele mpaka mteja aliyekuwa kitini akainuka na nusu kichwa kwenda kutazama kuna nini barabarani. Siku hiyo sikurudisha sahani, tulikula wote hapa hapa dukani.

Kumbe nilioa tapeli! Miaka yote hiyo nawaapia watu, na Seremala anasema yeye alijua, mkewe alijua, na nusu ya wateja walijua kwa sababu waliona nyusi inahama. Walininyamazia wote. Nilikasirika kwa muda wa kunyoa kichwa kimoja, kisha nikaona jinsi nilivyopendwa na mji mzima bila habari, nikanyamaza na mimi.

Wateja wamerudisha kelele zao. Nimeshuka mtoni mwenyewe, goti na yote, nikaokota jiwe jingine. Lina kichwa kipana kama cha Seremala na yeye amelikataa. Halina sura, nimelipa nywele tu, na watoto wanalishika vivyo hivyo. Naliosha kwa maji na sabuni. Bwana afya nimemweleza na amekubali, tena ameniuliza kama naweza kumtafutia la kwake. Likizo ukija utalipaka macho, na mimi utaninyoa, maana sasa nywele zangu zinaanguka kwenye mchuzi.

Brashi ni hii, nimeifunga kwenye kitambaa cha gauni lake la bluu. Ilikuwa kwenye droo ya cherehani. Spiriti haijaigusa.

Kuna jambo lake hulijui, na nadhani bibi yako alikuwa akingoja uwe mtu mzima. Brashi hii niliitengeneza mimi. Mpini alichonga Seremala, nywele nilizifunga mwenyewe kwa uzi wa cherehani. Kuna siku mama yako alileta dukani mtoto wa kunyolewa kwa mara ya kwanza. Mtoto yule alilia hivi kwamba wateja walitoka nje wakangoja barabarani, na bibi yako akavuka barabara na sindano ikiwa bado mdomoni kuja kuona ninachinja nini. Alikuta nimemaliza, kipara kinang'aa, mtoto bado analia. Akaziokota zile nywele sakafuni, laini, bado hazijajisokota, akaniambia nisizifagie. Jioni ile akaniomba brashi ya nywele zile. Kesho yake akashuka mtoni akaleta jiwe moja, akalipaka macho makubwa na kichwa kitupu, akampa yule mtoto ashike. Ndipo mtoto akanyamaza.

Kisogo chake kilikuwa kikubwa, sikuwahi kuona kingine kama hicho. Ndiyo maana nikampa jina.

Kwa hiyo lile neno lako la asiyekuwepo, mimi nimelikataa, lirudishe ulikolitoa. Bibi yako hakupaka jicho hata moja, la Kipara wala la mengine yote aliyoyauza, bila kukushika wewe mkononi mwake.

Mumeo,
Kinyozi